Bluu au nyekundu: niliyoyasema Jumamosi kuhusu gesi ya karavani

Nimeombwa niandike yale niliyoongea Jumamosi kwenye nyama choma yetu, maana wengine walikuwa nje wanageuza nyama na spika ilikuwa inakatakata, na wengine wamenipigia simu jana wananiuliza kitu kilekile, sasa nimeamua niandike mara moja iishe. Nimeiandika kama nilivyoongea, nimetoa tu vicheko na ile sehemu emsii aliponikatisha kutangaza gari lililoziba geti.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo. Watoto tokeni kwenye hizo waya kabla sijaanza.

Kwanza emsii amenitambulisha kama mtaalamu wa gesi, jamani mi sio mtaalamu. Mi ni dada wa Tanga, hapa Uingereza nalea wazee, shifti za usiku, na nina karavani ya mtumba naivuta na gari yangu kila nikipata likizo. Mambo ya mabomba ya ndani ya karavani yana mafundi wenye vyeti, hayo siyagusi na nyie msiyaguse. Nitaongelea mtungi tu, ule mtungi unaonunua na kuufunga mwenyewe, maana najua mwaka huu familia kama sita hapa zimeshanunua karavani au ziko mbioni kununua, na wote mnaniuliza swali moja, nichukue mtungi wa bluu au mwekundu.

(Na kwa wale wazee wanaocheka neno lenyewe, ndiyo, kwetu karavani ni msafara, watu na mizigo kutoka Bagamoyo mpaka Tabora mpaka Ujiji kwa miguu. Ya hapa ni chumba chenye magurudumu, kina jiko, kitanda na choo. Wale wa Bagamoyo wangeipenda.)

Sasa niwaambie yaliyonikuta mimi mwenyewe. Pasaka moja mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Uingereza, nikasema mama yangu hawezi kukaa wiki tatu anaangalia ukuta wa fleti, tukafunga karavani tukaenda Wales, kule kwenye milima ya Snowdonia. Kabla ya kuondoka nikapita dukani kuchukua gesi. Nikamuuliza kijana wa pale, nichukue upi, akaniambia wowote tu, gesi ni gesi. Mi nikaangalia, wa bluu umeandikwa kilo 7, mwekundu umeandikwa kilo 6, na maumbo yao karibu yanalingana, nikasema ah, kilo moja zaidi, kwa nini niache? Halafu wa bluu regyuleta yake, kile kichwa kinachopunguza presha ya gesi, inabonyezwa tu juu inalia ka! imekaa, kama ile ya mtungi mdogo wa nyumbani, mwekundu unataka spana. Nikachukua wa bluu nikaona nimepiga bao.

Usiku wa kwanza pale kambini hakukuwa na umeme wa kuchomeka, ni uwanja wa majani tu na bomba la maji. Tukapika wali vizuri, tukawasha hita, tukalala. Saa kumi alfajiri nikasikia hita inajaribu kuwaka, tik tik tik, inakataa. Nikaamka nikaenda kwenye jiko, nikawasha, moto ukatoka mdogo kama wa kibatari, wa bluu uliopauka, halafu ukajifia. Mama amekaa kitandani na kanga mbili, koti langu na koti lake, ananiangalia tu. Nikatoka nje na tochi, nikafungua kabati la gesi, nikaubeba ule mtungi, mzito! Nikautikisa, nasikia kabisa maji yanacheza ndani, chwa chwa. Gesi ipo, tena nyingi. Nikapitisha mkono ubavuni, juu mkavu, chini umelowa, na sehemu ya chini kabisa imefanya utando mweupe wa barafu, na huo utando umekatika mstari ulionyooka kama mtu kapima na rula. Nikarudi ndani nikamwambia mama gesi ipo ila haitoki. Mama akasema, basi imelala, iamshe.

Na mama alikuwa sahihi kuliko yule kijana wa dukani.

Sikilizeni hapa maana ndo kiini chenyewe. Ile kitu ndani ya mtungi sio gesi, ni maji maji, gesi iliyobanwa mpaka ikawa kimiminika. Ili ikufikie jikoni lazima ichemke kwanza humohumo ndani ya mtungi, igeuke mvuke, mvuke ndo unapanda kwenye mpira. Sasa kila kimiminika kina joto lake la kuchemkia, maji yanachemka kwenye nyuzi 100, wote mnajua. Mtungi wa bluu ni butani, na butani inachemkia karibu kabisa na sifuri, nusu digrii chini ya sifuri. Mwekundu ni propani, hiyo inachemkia nyuzi 42 chini ya sifuri. Yaani propani hata ukiiweka kwenye friza ya kuku inachemka tu, butani ikifika kwenye baridi ya barafu inakaa chini imetulia kama maji mtungini.

Mtu ataniambia, dada lakini usiku ule Wales haukufika sifuri, labda ilikuwa nyuzi 4 au 5. Ndo pale watu wengi wanapodanganyika. Kimiminika kikichemka kinakula joto lake chenyewe. Unakumbuka nesi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, unasikia ubaridi pale pale? Spiriti inakauka na inaondoka na joto la ngozi yako. Mtungi nao hivohivo, kadiri unavyotoa gesi kwa kasi ndo unavyojipoza, na mi nilikuwa nimewasha hita usiku kucha, hita inavuta gesi kuliko jiko la chai. Kwa hiyo nje ni nyuzi 5 lakini ndani ya mtungi kumeshafika sifuri au chini ya hapo. Ule mstari wa barafu nyeupe ndo usawa wa kimiminika chenyewe ndani, pale ndo pamebaki gesi yangu yote nimeilipia na siwezi kuitumia.

Hata siku za kawaida tofauti ni kubwa. Kwenye nyuzi 15, ambayo hapa tunaiita siku nzuri tunatoa na viti nje, butani inasukuma kwa presha isiyofika bari 2, propani inasukuma kama bari 7. Ndo maana mtungi wa propani unatengenezwa kwa kuhimili presha hiyo, na ndo maana hata siku moja, narudia hata siku moja, usimruhusu mtu akujazie propani kwenye mtungi wa butani.

Alfajiri ile nilitaka kuchemsha maji niumwagie mtungi, halafu nikakumbuka sina gesi ya kuchemshia maji (mkacheka hapa, na mama alicheka vilevile). Na namshukuru Mungu, maana mtungi haumwagiwi maji yanayochemka wala hauwekewi moto karibu, kuna watu wameumia kwa hilo. Kulipokucha akaja mzee mmoja Mwingereza wa karavani ya jirani, ameniona nahangaika, akauangalia mtungi akasema neno moja tu, butane, alivyolitamka ni kama daktari anataja jina la ugonjwa. Akarudi na mtungi wake mwekundu wa akiba, mpira wake na spana. Dakika kumi mama ana chai mkononi.

Hapo nikajifunza kitu cha pili, regyuleta. Karavani za zamani regyuleta inakaa juu ya mtungi wenyewe, ya butani inatoa milibari 28, ya propani inatoa 37, na hazibadilishani, kila moja na mtungi wake, na vifaa vya ndani vya karavani hiyo vinataka presha fulani kwa hiyo soma kwanza. Lakini karavani zilizotengenezwa hapa kuanzia kama 2004 kuja huku, nyingi regyuleta imefungwa ukutani ndani ya kabati la gesi, inatoa milibari 30, na inakubali zote mbili, butani na propani. Unachobadilisha ni ule mpira mfupi tu unaotoka ukutani kuja kwenye mtungi. Yangu ilikuwa ya aina hiyo na mi sijui! Nimekaa na kitu kinachokubali mtungi mwekundu miezi yote hiyo nahangaika na bluu kwa sababu naogopa spana. Nati yenyewe ya mtungi mwekundu kitu pekee cha kujua ni kwamba inakazwa kinyume, unazungusha kushoto ndo inakaza. Watu wengi wanaifungua wakidhani wanaikaza. Ukishaifunga, povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu funga koki urudie. Sio kiberiti! Kuna mjomba mmoja hapa simtaji anapima kwa kiberiti.

Sasa tuje kwenye ile kilo moja niliyodhani nimeipata bure. Propani ni nyepesi kuliko butani, mtungi wa ukubwa uleule unachukua kilo 6 za propani au kilo 7 za butani, kwenye ile mikubwa ni 13 kwa 15. Ni kweli butani unapata zaidi. Na kilo kwa kilo moto wao karibu sawa, kama yuniti 13 na kitu za umeme kwa kilo, propani inazidi kidogo sana huwezi kuiona kwenye sufuria. Kwa hiyo kwenye karatasi bluu anashinda. Lakini piga hesabu ya kweli, kilo 7 ambazo 4 zinabaki zimelala chini ya mtungi ni kilo 3.

Kama mtu anauliza mtungi utakaa muda gani, hesabu yangu ni hii. Jiko la kawaida likiwaka kwa nguvu ni kama kilowati 2, kilo moja inakupa karibu masaa 7 ya kupika mfululizo, na hakuna anayepika mfululizo masaa 7 isipokuwa shemeji yangu akiwa na maharage. Friji ikiwa kwenye gesi inakula kama gramu 300 kwa siku, joto likizidi inapanda. Muuaji ni hita. Hita ya kilowati 3 ikiwaka mfululizo inamaliza kilo moja kwa masaa manne na nusu, mtungi wa kilo 6 unakwisha siku moja na kidogo. Kwa hiyo ukipata kambi yenye umeme wa kuchomeka, hita na friji zipeleke kwenye umeme ulioshalipia, gesi uibakishe kwa jiko, mtungi mmoja utakaa na wewe karibu msimu mzima. Na kujua kilichobaki usiutikise kama mi nilivyofanya, upime kwenye mizani, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, toa, kinachobaki ndo gesi.

Wale wa nyumbani mtaniambia mbona sisi Tanga, Mombasa, Dar hatujawahi kusikia haya mambo, tunanunua mtungi mmoja tu wa gesi na unawaka. Kweli, kwa sababu kule gesi ya kupikia inakuja ikiwa imeshachanganywa propani na butani, na baridi ya Tanga haiwezi kuilaza hata ingekuwa butani tupu. Nenda Njombe mwezi wa saba asubuhi uone. Na mchanganyiko una tabia yake, propani ndo inachemka kwanza inatangulia kuondoka, butani inabaki nyuma, kwa hiyo mtungi ukiwa mpya unawaka vizuri kwenye baridi, ukifika mwishoni unakuwa mvivu, mtu anadhani kaibiwa kwenye ujazo kumbe ni ile sehemu iliyobaki. Wanaotumia vile vimitungi vidogo vya kambi vya mchanganyiko mtakuwa mmeliona hili.

Rangi nazo zisiwafanye mlale. Bluu ni butani na nyekundu ni propani kwa Calor, ndo kampuni mnayoiona kila mahali hapa. Kampuni nyingine butani yake ni ya njano. Campingaz nao mtungi wao ni bluu, ule wa namba 907 una kilo 2.75. Kwa hiyo soma maandishi, usisome rangi.

Na hapa niende haraka kwa wale wanaopanga kuvuka kwenda Ufaransa na Hispania. Mtungi wa Calor hubadilishi kule, hawaujui. Wafaransa wana mitungi yao, Wajerumani wana yao ya propani ya kilo 5 na 11, na kila nchi mdomo wa mtungi wake, unahitaji adapta au mpira mwingine. Campingaz ndo utaipata karibu kila nchi ya huko, lakini ni kidogo, na kwa kilo moja ni ghali kweli. Mi naona kwa wiki mbili za mwezi wa nane toka na mtungi wako mwekundu umejaa, pika kwa gesi, friji weka kwenye umeme wa kambi, utarudi nao bado una kitu. Kwa anayekaa miezi miwili mitatu kule ndo afikirie mtungi wa kujaza mwenyewe, Gaslow au Safefill, unajaza kwenye pampu ya gesi ya magari petroli stesheni. Safefill unaonekana ndani kabisa usawa wa gesi, mzuri mno. Ila gharama ya kuanzia ni kubwa, na pampu zenyewe hapa Uingereza zinazidi kupungua, na vituo vingine vinakataa kukujazia mtungi wa kubeba mkononi, na ukienda nchi nyingine mdomo wa pampu unatofautiana, unatembea na mfuko wa adapta.

Hiyo mitungi ina valvu inayokata yenyewe ikifika asilimia 80, lazima ibaki nafasi juu kwa sababu kimiminika kikipata joto kinatanuka. Mtungi wa kawaida wa kubadilisha hauna hiyo valvu. Kwa hiyo yule ndugu aliyeniuliza kama anaweza kupeleka mtungi wake mwekundu pampu akaujaza nusu bei, jibu ni hapana, na ile ya kumiminia kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kama mtaani kwetu, jibu ni hapana mara mbili.

Kuna mambo mengine mawili sitayaruka hata kama nyama imeiva. Gesi zote mbili ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani mara mbili, ikivuja haipandi dirishani, inatambaa chini kama maji. Ndo maana kabati la gesi lina vitundu sakafuni. Nimeona karavani ya rafiki yangu amevibandika na plasta kwa sababu panya, jamani, weka wavu, usizibe. La pili hita na jiko vikiwaka vibaya vinatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu, alamu yake ni bei ya pizza mbili. Mtungi usimame wima, umefungwa mkanda, na ukiingia petroli stesheni friji isiwe inawaka na gesi.

Msimamo wangu basi. Kama karavani yako inalala nyumbani kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano na wewe unatoka Julai na Agosti tu, bluu itakufaa na utafaidi ile kilo. Mi natoka Pasaka, natoka Oktoba watoto wakifunga nusu muhula, nina mama anayekuja na kanga. Nyekundu mwaka mzima. Joto la Agosti haliisumbui, baridi ya Januari haiilazi, na sijui kwa nini nilihangaika.

Halafu yakaja maswali. Kaka mmoja akauliza ule wa kijani unaouzwa kwa majiko ya kuchomea nyama nje, nikamwambia ndani ni propani hiyohiyo, mdomo tu ndo tofauti, ni wa kubonyeza wa milimita 27, angalia kama unaingia kwenye kabati lako na kama utapata mpira wake. Dada mmoja akauliza bei, sikutaja, inabadilika kila mara na kila duka, pigeni simu maduka mawili matatu kabla ya kwenda.

Wa mwisho alikuwa mzee wetu, anafungasha kontena la kwenda Tanga mwezi ujao, akauliza kama anaweza kuweka mitungi yake miwili myekundu kwenye kontena pamoja na friji na baiskeli. Nikamwambia mzee wangu shikamoo tena, mtungi wenye gesi ni mzigo wa hatari, hauingii kwenye kontena kimyakimya. Akasema basi ataimaliza gesi kwanza apeleke mitupu. Nikamwambia hata mitupu mzee, ile mitungi sio yako, uliposaini ile karatasi dukani ulikodi, mali ya kampuni. Akakaa kimya kidogo, akamgeukia mkewe akasema, mama nanihii, ile miwili niliyompa Juma kule Leicester apande maua ndani yake, mpigie simu sasa hivi asiikate.